Danilo yupi? Jibu kwa mtangazaji aliyechanganya wachezaji wa jina moja

"Shikamoo mwalimu. Ninaendesha kipindi cha michezo kwenye redio ya jamii huku kusini. Wiki mbili zilizopita nilisema hewani kwamba Danilo alitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya na Real Madrid mwaka 2016, kisha mwaka huohuo akatwaa Euro na Ureno, kama walivyofanya Cristiano Ronaldo na Pepe. Msikilizaji akapiga simu akaniambia hao ni watu wawili. Niliona aibu, maana nilikuwa nimesoma kwamba Danilo alitokea Porto, na kumbe wote wawili wamecheza Porto! Tangu siku hiyo sijiamini. Hivi akina Silva wote ni ukoo mmoja? Kwa nini Wabrazili na Wareno wanapeana majina yaleyale? Na jina la ukoo la mchezaji ni lipi, la kwenye jezi au la mwisho kwenye pasipoti? Naomba na jambo jingine. Timu ya vijana ninayoisaidia ina wavulana wawili waliotoka Msumbiji, wote António, na mmoja wao ana karatasi mbili zenye majina yasiyolingana. Niwaandikeje kwenye fomu za usajili?"

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza ondoa hiyo aibu. Mtego ulioingia umewanasa wengi, wakiwamo watu wanaolipwa kutunza takwimu. Nami kazi yangu kwa miaka mingi ni kutunza kumbukumbu za wachezaji, na kwenye daftari langu nimeweka mistari hii miwili ukurasa mmoja, mmoja juu ya mwenzake, ili macho yangu yasipitilize:

Danilo Luiz da Silva, 15 Julai 1991, Bicas, jimbo la Minas Gerais, Brazil.
Danilo Luís Hélio Pereira, 9 Septemba 1991, Bissau, Guinea-Bissau.

Angalia walivyokaribiana. Wamezaliwa mwaka mmoja, hata miezi miwili haikutimia kati yao. Jina la kwanza moja, na la pili ni lilelile ila limeandikwa kwa z upande mmoja na kwa s upande mwingine. Mwaka 2011 walikuwa katika vikosi viwili vilivyokutana kwenye fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 mjini Bogotá, Brazil ikaifunga Ureno 3-2 katika muda wa nyongeza. Halafu likaja dirisha la usajili la 2015. Danilo Luiz da Silva, beki wa kulia, akaondoka Porto kwenda Real Madrid, na dirisha hilohilo Porto ikamsajili Danilo Pereira, kiungo mkabaji, kutoka Marítimo. Danilo katoka, Danilo kaingia. Mtu akisoma habari za Porto za miezi ile bila tarehe za kuzaliwa mkononi, atatengeneza mtu mmoja kutokana na wawili.

Tena wazo lako halikuwa la kijinga. Ulijua kwamba mzaliwa wa Brazil anaweza kuichezea Ureno, na ni kweli. Pepe uliyemtaja alizaliwa Maceió, Brazil. Jina lake halisi ni Képler Laveran de Lima Ferreira. Képler kwa heshima ya mwanafalaki Johannes Kepler, Laveran kwa heshima ya daktari Mfaransa aliyegundua vimelea vya malaria. Deco naye ni mzaliwa wa Brazil, na Matheus Nunes vilevile. Kwa hiyo ulipoona Danilo wa Brazil na Danilo wa Ureno, ukadhani ni hadithi ileile. Kilichokosekana ni kujua jinsi majina ya Kireno yanavyojengwa, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo.

Sisi tumezoea majina matatu: langu, la baba, la babu au la ukoo. Ndiyo maana tukisoma "Danilo Luiz" tunadhani Luiz ni baba yake. Sivyo. Kwa Wareno na wote waliorithi desturi yao, mtoto hupewa jina la kwanza moja, na mara nyingi mawili yanayokwenda pamoja. Kisha hufuata jina la ukoo wa mama, na mwisho kabisa jina la ukoo wa baba. Luiz ni nusu ya pili ya jina la kupewa. David Luiz, yule beki wa zamani wa Chelsea na Arsenal, ni David Luiz Moreira Marinho. Douglas Luiz aliyekuwa Aston Villa ni Douglas Luiz Soares de Paulo. Nimewahi kusikia ikisemwa redioni kwamba hao ni ndugu. Hawana undugu wowote. Ni sawa na kudai kwamba Mohamed Juma na Hassan Juma ni ndugu, ila hapa ni mbali zaidi, kwa sababu Luiz si hata jina la baba.

Chukua na Cristiano Ronaldo dos Santos Aveiro. Cristiano na Ronaldo yote ni majina ya kupewa. Dos Santos ni la upande wa mama, Aveiro la upande wa baba. Kwa hiyo lile jina la mgongoni mwake linaloimbwa dunia nzima si la ukoo. Tungekuwa tunafuata utaratibu wa Waingereza tungemwita Aveiro, na wasikilizaji wako wangeuliza Aveiro ni nani. Hili ndilo jibu la swali lako la jezi: kilichoandikwa mgongoni ni jina ambalo mchezaji amechagua kujulikana nalo. Laweza kuwa la kwanza, la ukoo, la utani, au la kijiji. Halithibitishi chochote kuhusu ukoo wake.

Jihadhari na Wahispania pia, maana wao hugeuza mpangilio: la baba hutangulia, la mama hufuata. David Silva aliyekuwa Manchester City ni David Jiménez Silva, Mhispania, na Silva yake ni ya mama. Bernardo Silva, Mreno aliyecheza naye City, ni Bernardo Mota Veiga de Carvalho e Silva, na Silva yake imekaa mwisho, mahali pa baba. Walivaa jezi moja miaka mitatu bila kuwa na uhusiano wa damu.

Sasa yale maneno madogo: da, do, de, dos, das. Mzungumzaji wa Kiswahili anayaelewa haraka kuliko Mwingereza, kwa sababu ni yale "wa", "ya", "la" yetu yanayobadilika kufuata ngeli. Da Silva ni "wa msitu". Dos Santos, "wa watakatifu". Do Nascimento, "wa kuzaliwa", yaani kuzaliwa kwa Bwana. Ndilo jina la mwisho la Pelé, Edson Arantes do Nascimento. De Jesus ni "wa Yesu", na ndiyo maana Gabriel Jesus hakufuru mtu yeyote kwa kuitwa hivyo. Kwa ukamilifu ni Gabriel Fernando de Jesus. Wareno walipoanza kujenga ngome Mombasa mwaka 1593 waliipa jina hilohilo, na hadi leo tunaiita Fort Jesus. Ukipanga orodha kwa alfabeti, usiweke watu wote wa "da" kwenye D. Wenyewe humtafuta da Silva kwenye S.

Je, akina Silva ni ukoo mmoja? Hapana, na naomba hili ulishike kwa uzito, kwa sababu lina historia ya watu wetu ndani yake. Silva lilikuwa jina la kawaida Ureno tangu zamani, likasambaa na meli. Brazil ilipokea Waafrika wengi mno waliouzwa utumwani, na walipobatizwa walipewa majina ya Kireno. Wengine waliandikwa jina la bwana wao, wengine jina la ibada kama dos Santos, de Jesus au da Conceição, wengine hawakuandikwa jina la ukoo kabisa hadi baadaye. Utumwa ulikomeshwa Brazil mwaka 1888. Ukiona leo Thiago Silva, Gilberto Silva, Marta Vieira da Silva malkia wa soka la wanawake, Rafaela Silva aliyetwaa dhahabu ya judo Rio 2016, na Anderson Silva wa ngumi mchanganyiko, unaona jina lililogawiwa kwa maelfu ya familia zisizojuana. Tena yuko Thiago Silva mwingine, aliyekuwa mpiganaji wa UFC, ligi ya ngumi hizohizo mchanganyiko, Mbrazili pia. Wapo Silva ambao ni ndugu kweli, kama mapacha Rafael na Fábio da Silva waliocheza Manchester United, lakini undugu wao tunaujua kwa wazazi. Na kinyume chake kipo hapa kwetu: Victor Wanyama na McDonald Mariga ni ndugu wa damu, na majina ya jezi zao hayakuonyesha hilo.

Basi watu wenye Silva milioni kadhaa wanajitofautishaje? Hapa ndipo Wabrazili wana ufundi ninaoupenda sana. Kwanza hutumia udogo na ukubwa, kama sisi tunavyosema kitoto na toto. Mwisho wa -inho ni udogo, -ão ni ukubwa. Kwenye Kombe la Dunia la 1994 Brazil ilikuwa na beki Ronaldo Rodrigues de Jesus, mtu mzima, akaitwa Ronaldão. Kijana wa miaka 17 aliyekuwa benchi, Ronaldo Luís Nazário de Lima, akaitwa Ronaldinho. Michezo ya Olimpiki ya Atlanta 1996 ikamkuta na beki mwingine, Ronaldo Guiaro, kwa hiyo jezi ya kijana yule ikabaki imeandikwa Ronaldinho. Mwaka 1999 akaingia timu ya taifa Ronaldo de Assis Moreira wa Porto Alegre, mdogo zaidi. Udogo ukahamia kwake, na kwa usalama wakamwongezea Gaúcho, yaani mtu wa jimbo la Rio Grande do Sul. Yule wa kwanza sasa akawa Ronaldo tu. Alipokuja yule wa Ureno mwaka 2003, mashabiki wetu wenyewe wakamaliza kazi: vijiweni Dar es Salaam na Nairobi utasikia "Ronaldo de Lima" na "Gaucho", na hakuna anayepotea. De Lima ni jina lake la mwisho kweli. Vijiwe vilipatia.

Njia ya pili ni mahali mtu alikotoka. Mfano mzuri kuliko yote ni klabu ya Vasco da Gama ya Brazil ya mwaka 2000, iliyokuwa na akina Juninho wawili kwa pamoja. Mmoja ni Oswaldo Giroldo Júnior wa São Paulo, akaitwa Juninho Paulista. Ndiye wa Middlesbrough. Mwingine ni Antônio Augusto Ribeiro Reis Júnior wa Recife, jimbo la Pernambuco, akaitwa Juninho Pernambucano. Ndiye yule wa Lyon na ufundi wake wa kupiga faulo. Majina yao ya kuzaliwa hayafanani hata kidogo. Kinachowaunganisha ni Júnior, ambayo huongezwa mtoto anapobeba jina zima la baba yake. Filho ni mwana, na Neto ni mjukuu aliyepewa jina la babu. Hapa tena pana mtego. Kipa Neto aliyekuwa Bournemouth ni Norberto Murara Neto, mjukuu. Pedro Neto wa Chelsea ni Pedro Lomba Neto, na kwake Neto ni jina la ukoo.

Sisi nasi hatukuwa nyuma. Tanzania tumekuwa na Mohamed Hussein mshambuliaji wa Yanga wa miaka ya 1990, na Mohamed Hussein beki wa kushoto aliyeng'ara Simba. Huyo wa kwanza ni Mmachinga, wa pili ni Tshabalala. Nani amewahi kuwachanganya? Basi usione ajabu Brazil. Hata kocha Roberto Oliveira, aliyetoka Vipers ya Uganda kuja Simba mwaka 2023, tulimwita Robertinho, yaani Roberto mdogo. Na kabla yake Simba ilifundishwa na Didier Gomes da Rosa, ambaye ni Mfaransa. Jina la Kireno si pasipoti ya Ureno.

Nije kwenye kazi yako ya hewani. Unaweza kusoma jina zima kila mara, na hutakosea, ila msikilizaji anayesikiliza huku anakaanga chapati atakuwa amekupoteza kabla hujafika kwenye bao. Unaweza kutumia jina la ukoo peke yake, lakini "da Silva kafunga" haina maana kwa mtu yeyote. Ninachokushauri ni kutumia jina ambalo klabu yake inalitumia, na pale tu panapokuwa na wawili, ongeza alama moja fupi: nafasi uwanjani, nchi, au jina la pili. Tazama Arsenal walivyofanya. Tangu 2022 wamekuwa na akina Gabriel watatu, wote wazaliwa wa São Paulo na viunga vyake. Beki, Gabriel Magalhães, aliachiwa GABRIEL mgongoni kwa sababu alikuwa hajulikani kwa lingine. Winga akaandikwa MARTINELLI. Mshambuliaji akaandikwa G. JESUS. Ukisema "Gabriel kaunganisha kona kwa kichwa", shabiki wa Arsenal wa Kisumu au Tabora anamwona beki wake palepale. Kwa Danilo sema "Danilo wa Brazil" na "Danilo Pereira", inatosha.

Tofauti na hewani, kwenye daftari lako usifupishe kitu. Jina zima, jina la kujulikana, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, taifa analochezea. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayookoa. Majina yatakudanganya, tarehe mara chache sana. Tahajia nayo inasaidia. Thiago, Matheus na Luiz mara nyingi ni maandishi ya Brazil. Tiago, Mateus na Luís ndiyo ya kawaida Ureno. Antônio mwenye kofia juu ya o ni wa Brazil. António mwenye mkwaju ni wa Ureno na Afrika. Ila tahajia inakudokezea tu mtu alikoandikishwa alipozaliwa. Haikuambii anachezea wapi: Matheus Nunes bado ana h yake akiwa na jezi ya Ureno. Na unapotafuta kwenye intaneti, tafuta João na Joao, maana programu nyingi hula zile alama. Kutamka, nh ni "ny" yetu kamili. Ronaldinyo.

Kosa la Danilo lilikuwa jepesi: unaomba radhi, linaisha. Kuna ambalo haliishi. Bruno Fernandes wa Manchester United ni Bruno Miguel Borges Fernandes, mzaliwa wa Maia, Ureno, 1994. Lakini yuko Bruno Fernandes de Souza, aliyekuwa kipa wa Flamengo ilipotwaa ubingwa wa Brazil 2009, na mwaka 2013 alitiwa hatiani kwa mauaji. Weka picha ya mmoja kwenye habari ya mwenzake, na umemchafua mtu asiye na hatia. Habari yoyote ya kesi, dawa za kusisimua misuli au upangaji wa matokeo, usiirushe kwa jina peke yake. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na klabu, na kama bado una shaka, mwendee mhariri wako ana kwa ana kabla ya kipindi. Ikiwa imesharushwa kimakosa, nendeni pamoja kwa mwanasheria wa kituo siku hiyohiyo.

Nimalizie na wavulana wako, ambao kwangu ndio sehemu nzito ya barua yako. Wengi wa Msumbiji hubeba jina la Kireno mbele na jina la asili yao mwisho: Maria Mutola aliyetwaa dhahabu ya mita 800 Sydney, Luís Miquissone aliyewahi kucheza Simba, Reinildo Mandava. Kwao jina la mwisho linatofautisha vizuri sana, kuliko Silva kwa Mbrazili. Andika majina yote kama yalivyo kwenye hati, kwa mpangilio uleule, bila kuyapunguza yawe matatu ili yaenee kwenye fomu, na bila kugeuza António kuwa Antoni.

Huyo mwenye karatasi mbili, usimrekebishie wewe. Najua utataka kumsaidia, na pengine tofauti ni ndogo tu: karatasi moja imeacha jina la mama, nyingine imeliandika. Lakini fomu mbili zenye majina tofauti zinaweza kusomwa kama udanganyifu wa umri au usajili mara mbili, na atakayefungiwa ni mtoto. Nenda na mzazi au mlezi wake, mkiwa na hati zote halisi, kwenye ofisi ya chama cha soka cha wilaya au mkoa. Waelezeni tofauti hiyo kabla ya kujaza chochote. Suala la hati yenyewe ni la ubalozi au ubalozi mdogo wa Msumbiji na ofisi ya uhamiaji, na huko lazima mtu afike. Simu haitoshi, wala jibu langu hili halitoshi. Kama mlezi hayupo au familia ilikimbia machafuko ya Cabo Delgado, kamuone kwanza afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ili mtoto asiingie ofisini peke yake.

Kwa orodha yako ya mazoezi, waulize wenyewe. Wavulana wawili wa jina moja wakikaa timu moja wiki nzima, wenzao huwa wameshapata jina la kumtofautisha kila mmoja. Ukisikia ni jina ambalo mwenyewe analiitikia kwa furaha, liandike pembeni ya lile la kwenye hati, ulitumie pia siku utakapotangaza bao lake.